Tata, Mkwaruzo Ule Ni Wangu

Tata yangu mpendwa,

Nakuandikia kwenye meza yako ya ateliye, chumba chako cha kazi, na kabla hujauliza: ndiyo, nimeipangusa. Nakuandikia Kiswahili cha shule, kile ulichokuwa ukikicheka ukisema naandika kama padiri anayeomba sadaka. Vumilia. Nina jambo moja la kukueleza na nataka lifike limenyooka.

Kaye yako inachapwa. Lile daftari lako la kutengeneza darubini, lililotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zikafifia, sasa linakuwa kitabu. Kikundi cha darubini cha hapa Kolwezi kimepata mchapaji Lubumbashi, wakaniletea kurasa zote nizipitie kwanza, kwa sababu mimi, Nadine, ni mtoto wako na nusu ya kaye ni mwandiko wangu. Wakaniomba na dibaji. Dibaji yenyewe ndiyo hii barua, kwa hiyo nitaeleza hata mambo unayoyajua vizuri kuliko mimi, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakukuona.

Nilisoma siku tatu bila shida. Nikafika kwenye ule ukurasa unaoitwa "Kosa ya Kalonji," nikafunga. Ukurasa ule ni uongo, Tata. Wewe hukujua. Mimi nilijua, na ndimi niliyeuandika.

Ulisomea vioo Ulaya, ukarudi kutengeneza teodoliti, vyombo vya kupimia vya wapima ardhi wa kampuni ya migodi. Miaka ishirini ulikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, ukisafisha lenzi ambazo wengine walizitumia kuangalia mashimo ya mgodi wa Mashamba. Halafu siku moja ukaja nyumbani umekumbatia kioo kinene cha dirisha la tanuru lililobomolewa. Ukaweka pipa katikati ya parseli, kiwanja chetu cha nyumbani, ukalijaza mchanga lisitikisike, ukaanza kulizunguka.

Mama Feza, jirani yetu wa ukutani, alikuangalia siku mbili nzima. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia. "Tata Nadine, ile pipa ilikukosea nini?"

"Niko naenda ku mwezi, mama," ukamjibu bila kusimama. "Ni mbali, njo maana natembea."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Vioo viwili vya mviringo, kimoja juu ya kingine, katikati unga mkali na maji. Unasukuma, unavuta, unapiga hatua moja kuzunguka pipa, unasukuma tena. Kidogo kidogo cha juu kinabonyea katikati na cha chini kinavimba. Ukifanya uvivu wa kuzunguka, kioo kinakuwa na upande, na nyota itaonekana kama yai. Kile kilichobonyea unakisugua na unga laini zaidi na zaidi, mwishowe na unga mwekundu juu ya lami, mpaka kinameremeta. Ukikipaka fedha una kioo cha darubini.

Vitabu vya Ulaya vilisema nunua hiki, agiza kile. Wewe ulichukua mawe ya kunolea yaliyochakaa, ukayatwanga kwenye kinu cha mama. (Mama alikususia siku mbili kwa ajili ya kile kinu. Ulikula mikate na dagaa, na ulistahili.) Ule unga ukautenga kwa ndoo za maji tu: unaotuama haraka ndio mkali, unaokawia ndio laini. Lami uliichemsha kwa utomvu wa misonobari na nta ya nyuki ambayo ndugu zako walikutumia kutoka Musumba, kwenye makopo yaliyokaa barabarani mwezi mzima. Ukaandika yote kwenye kaye, kwa Kiswahili chetu cha kusema batu na bitu badala ya watu na vitu, ili fundi baiskeli asome aelewe.

Na walielewa! Akaja mwalimu kutoka Likasi na kioo kimefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Wakaja masista. Akaandika mtu wa reli kutoka Kalemie, akisema chake kimevunjika mara mbili na anaanza cha tatu. Kabla yako, aliyetaka darubini huku kwetu alingoja Mzungu arudi kwao na kuacha yake. Baada yako watu walijitengenezea. Nataka msomaji alijue hilo kabla sijaanza kukuchafua, maana kukuchafua kidogo itanibidi.

Sitasahau jioni ya kwanza, jua limetoka kuzama, mstari wa majirani umefika mpaka barabarani. Mama Feza aliinama kwenye darubini akautazama mwezi muda mrefu mpaka watu wakaanza kulalamika. Akainuka akatuangalia sote.

"Kumbe iko na mashimo sawa huku kwetu! Nani alichimba?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sasa Papa Kalonji. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodini. Yeye alizaliwa hapa hapa, na bado walikuwapo watu wa kumwita mgeni. Wewe hukumwita hivyo hata siku moja. Alikuwa msaidizi wako kwenye chumba cha teodoliti, na kampuni ilipopunguza watu mliachishwa kazi wote wawili wiki ile ile. Wewe ukageukia vioo. Yeye akaanza kuchimba kobalti kwenye parseli yake ya Kasulo, chini ya chumba cha kulala, kama majirani zake wote. Lakini kila Jumamosi alinawa, akavaa shati jeupe, akaja kwako kusugua.

Alikuwa na mikono kukuzidi, ulisema mwenyewe. "Kalonji anasikia kioo." Mlipopima kioo kwa taa ndogo na wembe, kivuli kikitandazwa juu yake kama kilima, yeye alikuwa anakiona kilima kabla yako. Walipolipua baruti mgodini kivuli kile kilitetemeka chote, na yeye alinyanyua kidole: "Ngoja. Mashamba inakohoa." Mlingoja, mkapima tena. Miaka na miaka, Jumamosi kwa Jumamosi. Sijui ndugu wa damu waliopendana hivyo.

Halafu macho yako yakaanza kupotea. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Hukulia. Ulikwenda kuchukua kioo kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kugusa, sentimeta thelathini, ukasema utakimaliza ungali unaona. Miezi minane mlikisaga, wewe na Papa Kalonji. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo, sina kazi, naimba kwaya, nafua aproni zenu. Ilibaki kusugua na ule unga mwekundu tu.

Sheria yako kubwa ilikuwa maji. Maji ya kusugulia ulichemsha, ukayapitisha kwenye kitambaa mara tatu, ukayaweka kwenye dumu lako, ile bidoni ya bluu. Hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, hata mwenye kiu.

Jumamosi ile bomba lilikuwa kavu siku ya nne. Mimi nilikuwa na solo kanisani mchana, mbele ya watu wote, na nywele zangu zilikuwa nyekundu kwa vumbi la malori. Nikaosha nywele kwa maji ya bidoni ya bluu. Nikayamaliza. Ndipo nikaogopa. Nikapitia kwenye mwanya wa ukuta, nikajaza bidoni kutoka kwenye beseni la Mama Feza.

Yalionekana safi kabisa, nakuapia. Lakini asubuhi ile wanawe walikuwa wameleta mawe kutoka shimoni na yeye aliyaosha kwenye beseni lile lile. Nilimwona kwa macho yangu. Nikajiambia uchafu umeshatuama. Mimi! Mtoto wa mtu aliyefundisha Katanga nzima kwamba unaotuama si wote, kwamba ule laini unabaki unaelea ndani ya maji na macho hayauoni. Nilikuwa nimekariri ukurasa huo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kupendeza.

Papa Kalonji akafika na shati lake jeupe. Akanawa. Mkaanza, yeye anasukuma, wewe unahesabu. Hamkufika mbali. Akasimama, mikono juu ya kioo.

"Tata Nadine, iko kitu."

Mlikiosha kioo. Ukapitisha ukucha juu yake, maana kwa macho hukuona vizuri, na ukucha ukakwama. Mkwaruzo mmoja mrefu kama kidole changu cha kati, na mingine midogo kando yake. Ukamshika Papa Kalonji mkono, ukamvuta dirishani, ukageuza vidole vyake kwenye mwanga. Chini ya kucha kulikuwa na weusi, ule ambao kila mchimbaji wa Kasulo anao na atazikwa nao.

"Umeniletea Kasulo mu nyumba," ukasema. "Miezi munane, Kalonji."

"Lakini nilinawa."

"Ulinawa nini? Angalia!"

Akaangalia. Aliiangalia mikono yake muda mrefu, kama imeletwa na mtu mwingine. Halafu akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza hii ninayoandikia, akaenda.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maji yananichuruzika mgongoni. Na hapa, Tata, nina hasira na wewe, niseme tu. Bomba kavu siku nne, na mtoto wako amesimama mbele yako nywele mbichi, na hukujiuliza! Hukuniuliza hata neno moja. Ulikuwa umeshaona kucha za mchimbaji, ukatosheka. Wewe uliyekuwa ukipima kioo mara kumi kabla ya kukiamini, mtu ulimpima mara moja.

Lakini hasira yangu kwako haiondoi yangu. Nilinyamaza. Kwanza niliogopa utanipigia kelele kabla ya kwaya. Nikaenda nikaimba, na watu wakasema niliimba vizuri. Jioni nikasema nitakwambia kesho. Kesho ilikuwa Jumapili, hukutaka kuongea na mtu. Baada ya wiki kosa lilikuwa limekua: halikuwa tena maji, lilikuwa ni kumwacha mtu aende. Kila siku niliyongoja iliongeza kitu cha kukiri, na mimi si jasiri.

Kioo ulikigeuza kikaangalia ukuta. Hukukigusa tena. Na hilo nalo ni ujinga, maana wewe mwenyewe uliandika kwenye kaye, ukurasa wa kumi na mbili, kwamba mkwaruzo mmoja hauzuii kuona. Kikundi walikimalizia kusugua wakakipaka fedha ulipokwisha kufa, na ndicho kinachotumika mpaka leo. Pete za Zohali zinaonekana vizuri sana. Mngekimalizia tu, ninyi wawili, mwezi mmoja zaidi, na ungeziona kabla macho hayajafunga.

Mwezi baada ya Papa Kalonji kuondoka ukaniita. Hukuweza tena kufuata mstari, ukataka niandike. Ulikuwa unaniita "mama" kwa sababu nina jina la mama yako.

"Andika, mama. Kosa ya Kalonji. Mutu wa mu mine asishike kioo. Hata akinawa, buchafu ya mine inabakia mu ngozi."

Nikakuuliza, "Jina tuweke?"

"Weka. Batu bajifunze."

Nikaweka. Kwa mwandiko mzuri, wa shule. Nilipiga na mstari chini yake.

Unajua kaye ilivyosafiri. Ukurasa ule ulisafiri nayo. Leo vijana wa Lubumbashi na Likasi wakimwona mwenzao mzembe wanamwambia, "Chunga, utafanya kalonji." Mmoja aliniuliza kama ni neno la Kifaransa. Nikamwambia sijui. Na kuna vikundi ambavyo vilikataa wachimbaji kabisa kwa sababu kaye inasema. Hapa, Tata. Hapa Kolwezi, ambapo ukikataza wachimbaji unabaki na mapadri na watoto.

Ulipokuwa huoni kabisa nilikusomea kaye kila Jumamosi. Nilipofika pale ulisema, "Ruka." Nikaruka, na nikashukuru. Miaka yote nilidhani ni hasira. Sasa nadhani ulikuwa unamkumbuka, na kama ningefungua kinywa changu angekuwa amekaa hapo kwenye kiti, anakueleza kivuli kimekaaje. Sikufungua. Tulikuwa wawili tu kwenye chumba hiki, na kila Jumamosi niliamua upya.

Alikuja kwenye matanga yako. Alikaa nje kabisa, na watu wa barabarani, mikono mfukoni, akaondoka kabla ya chakula.

Basi wiki iliyopita, kurasa za mchapaji zikiwa mezani, nikaona njia ni mbili. Kuufuta ukurasa kimya kimya, watu wasijue. Au kwenda Kasulo. Niliufuta kwanza, sitakuficha. Nikalala. Nikaamka nikaona Papa Kalonji atabaki na lawama yake vile vile, maana neno liko midomoni mwa watu, haliko kwenye karatasi. Jumanne nikaenda.

Papa Kalonji hachimbi tena, anafuga bata. Nilimkuta anawapa maji. Nikampa mkono, naye akanipa kifundo cha mkono, jinsi mtu anavyosalimia akitoka kushika udongo. Niliiangalia mikono yake. Ilikuwa safi kuliko yangu.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakaja machache. "Papa Kalonji, ile siku ya kioo haikukuwa weye. Ni mi. Nilimaliza maji ya tata, nikaweka ya Mama Feza mu bidoni."

Akaweka chini ndoo ya maji. Bata wakatupitia miguuni.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Ya kuosha mawe?"

"Ya kuosha mawe."

Nilidhani atanifukuza, au atasema alijua siku zote, kama wazee wanavyopenda kusema. Tata, hakujua. Aliamini. Ulimwonyesha mikono yake dirishani naye akakuamini wewe, maana wewe ulikuwa hukosei kwenye vioo.

"Nilinawaka mara tatu," akasema. "Na brosi. Mara tatu kila Jumamosi. Nikafikiri basi, iko mu damu." Akageuka nyumbani akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mama Bea! Kuya usikie! Haikukuwa mi!"

Mke wake akatoka na mwiko mkononi, na ikabidi niseme mara ya tatu. Yeye hakuwa mpole, na sikumtarajia awe. "Miaka kumi na mbili," akaniambia, "huyu baba anakatala kukamata batoto bachanga. Batoto ya batoto yake! Anasema mikono yake ni muchafu. Na weye ulikuwa unatupita mu njia, unatusalimia." Akarudi ndani. Nilisikia sufuria zikigongwa.

Nikamwambia Papa Kalonji kwamba ukurasa utabaki, ila utaitwa "Kosa ya Nadine," na kila kitu kitaandikwa: nywele, beseni, kwaya. Na maneno yako juu ya watu wa mgodini yataondoka. Nilitegemea aseme haina neno, mambo ya zamani. Nilikuwa nimemwandalia mpaka nafasi ya kusema hivyo. Hakusema.

"Andika," akasema. "Na jina uandike yote."

Nimeandika yote. Nilisimama kuaga. Hapo ndipo akaniuliza, akiwa ananipa mgongo, anawafungia bata.

"Tata yako alijua?"

"Hapana."

"Alikufa vile? Anafikiri ni mi?"

"Alikufa vile."

Alibaki ameshika kile kimlango cha bata. Niliona mabega yake, Tata, na sitayaeleza kwenye kitabu. Halafu akasema, "Basi kazi haiyamalizika. Mi umeniambia. Sasa umwambie na yee. Yee njo alikuwa rafiki yangu, haiko weye."

"Papa Kalonji, tata alikufa."

"Najua alikufa. Nilikuwa ku matanga. Umwambie."

Ndiyo maana nakuandikia. Si wazo langu, nimetumwa. Sijui barua inakufikaje, ila nilimuahidi nitaandika waziwazi, watu wote wasome, ili hata kama wewe husikii wawepo mashahidi kwamba nilisema.

Kwa hiyo sikia, Tata, kisha upumzike. Jumamosi ile rafiki yako alikuja kwako na mikono safi.

Mtoto wako, mwenye kosa,
Nadine